Kimya cha Fundi wa Roboti

Roboti ya kubebea mizigo ilipita nusura imvunje dereva wa lori muundi. Aliruka, kofia ikamdondoka, ghala zima likaangua kicheko.

"Mwenye kidude hiki yuko wapi?"

"Mimi hapa," fundi akajibu, mikono kwenye ovaroli ya buluu, hereni zikimning'inia. "Na wewe kaka ndiye umesimama njiani."

Kesho yake dereva alirudi, shati limepigwa pasi, eti ana swali: roboti zote hizi zinaongozwa na nani?

"Hakuna. Kila moja inaongea na jirani zake mpaka zikubaliane. Tena inaongea pale tu mambo yake yanapobadilika. Zikipiga soga muda wote, mtandao unajaa, kazi inalala."

Mapenzi yakakolea. Ila dereva alikuwa mtu wa simu: umeamka, mpenzi? Umekula? Uko na nani? Fundi alipokea na kucheka. Kupiga, hakupiga hata siku moja. Alipopelekwa ghala la mji mwingine alimwambia, "Nakupenda, ulijue hilo," akaondoka. Dereva akangoja safari hii apigiwe yeye, na wiki nzima kimya. Huko nyuma shangazi wa dereva akatia fitina: kimya kile, lazima ana mtu.

Simu ya dereva ikaja na hasira zake.

"Kuanzia leo utanipigia kila saa. Hutaki, basi tena!"

"Basi tena," fundi akasema, akakata. Alilia mpaka macho yakavimba. Lakini kuripoti kama mlinzi wa zamu? Thubutu!

Aliporudi, walikutana kwenye lango la kupakilia.

"Ulinisahau," dereva alisema.

"Neno langu la mwisho lilikuwa lipi?"

"Kwamba unanipenda."

"Nililibadilisha?"

Dereva akatikisa kichwa.

"Nikinyamaza, ujue liko palepale. Likibadilika nitasema mwenyewe. Unayetaka akuripotie, kamtafute."

Dereva akageuka, akapanda lori. Fundi akamtazama akifunga mlango. Hakutaka tena kumpenda mtu huku akimwacha aende zake. Akatoa simu, akapiga.

Kule kwenye lori injini ikazimwa.

"Wewe? Umenipigia wewe?" dereva akauliza. "Nini kimebadilika?"

"Kupenda tu hakunitoshi. Nataka unioe. Na shangazi yako mwambie nimesema mwenyewe, sijaulizwa."