Msamaha wa Maalim Tajudin

Mnanisumbua na hadithi hii kama vile napata raha kuisimulia. Ya sungura hamtaki, ya harusi hamtaki, mnataka ile ya nyumba ya Mariamu. Haya, kaeni. Mwoga aende kwao sasa hivi, maana sitamsindikiza mtu chooni.

Mariamu alikuwa jirani yangu hapa Namuwongo, mjane, na mtoto alikuwa naye mmoja tu, Rehemah. Asubuhi moja Rehemah alisimama kando ya barabara akingoja usafiri wa kwenda kazini Ntinda. Gari likamgonga, likakimbia. Mtu wa boda akambeba. Alifika hospitali akiwa hai, kisha akafa.

Mazishi yetu mnayajua. Kabla jeneza halijaondoka, mtu wa familia husimama kuuliza kama kuna anayemdai marehemu, na kumwombea radhi. Aliyesimama ni Maalim Tajudin, kaka yake Mariamu, mwalimu wa madrasa, mwanamume mwenye sauti tamu kupita kiasi. Akaomba radhi, watu wakaitikia. Halafu akaongeza la kwake: "Na dereva yule, popote alipo, sisi familia tumemsamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu."

Wanaume wazima wakalia. Eti, ona imani hiyo! Mariamu alikuwa ndani na sisi wanawake. Yeye hakuulizwa na mtu.

Ubaya ulianza kidogo tu. Loice, Mkenya aliyepanga chumba cha nyuma, alileta chai akasema, "Mama, pale Ntinda ninapouza vipuri, ghorofani kwetu kuna wakili, anaitwa Ogwal. Nimemweleza. Anasema gari linaweza kutafutwa, lakini familia ikishasamehe, polisi nao wanalala. Twende umwone."

Kabla Mariamu hajajibu, ukutani kukalia: tik, tak, tik, tak.

"Ni saa hiyo," alisema Mariamu.

"Saa gani, Mama? Humu hamna saa."

Ilikuwa indiketa ya gari. Na njia ya kwetu, hata toroli hupita kwa shida.

Tangu siku ile, kila aliyetaja wakili ndani ya nyumba ile alisikia ukuta ukimjibu. Na Tajudin akija, hata kabla hajavua viatu, nyumba ilinuka mpira ulioungua, harufu nzito ya breki, mpaka chakula kikakosa mlaji. Yeye alifungua dirisha akajifanya hanusi kitu.

"Puliida? Wakili wa nini?" alimfokea dada yake. "Maneno yaliyosemwa mbele ya jeneza unataka kuyarudisha mdomoni? Utamtesa mtoto kaburini, Mariamu! Hizo sauti zote ni kwa sababu hujaridhika na amri ya Mungu."

Mariamu akanywea. Nilimkuta amekaa sakafuni, ameshika kiatu kimoja cha Rehemah. Cha pili kilipotelea barabarani.

"Wewe mjinga," nilimwambia. "Msamaha ni wako. Kaka yako ameugawa kama maandazi."

"Naogopa dhambi, Jaja," alisema, maana hata yeye huniita bibi. "Kama ni mimi ninayemzuia asilale, basi wakili aachwe."

"Na aliyemuua?"

Akakisugua kile kiatu kwa kanga.

Ikabidi aitwe Bi Umulkheir wa Mbuya, mwanamke anayesomea majini, mkali kama mkunga. Alikuja baada ya sala ya Alasiri, jua bado linawaka. Tajudin naye alikuja kusoma. Angekosaje, watu si wangeuliza? Loice alisimama mlangoni akasema yeye ni mtu wa kanisani, mambo haya hayamhusu.

Umulkheir akatia ubani kwenye chetezo, akaanza kusoma, na moshi badala ya kupanda ukatambaa chini ukizunguka miguu ya Tajudin kama paka mwenye njaa, na ile tik, tak ikatoka ukutani ikaja katikati ya chumba, ikawa chini ya mkeka, ikawa chini ya mapaja yetu tuliokaa, na harufu ya breki ikatuziba pumzi hata Tajudin akakohoa na kupoteza aya aliyoijua tangu utotoni, na ndipo nikamwona Loice pale mlangoni ameinua mkono juu, anaupunga polepole, kama mtu anayesimamisha gari.

"Mjomba," alisema. Banange, sauti ilikuwa ya Rehemah. "Mjomba, nilikupungia mkono."

Hakuna aliyesogea.

"Ukawasha indiketa. Nikajua umeniona. Nikasogea karibu nipande." Mkono ukashuka. "Ulishuka, Mjomba. Ukaniangalia. Ukarudi garini."

Tajudin akaanguka magoti. "Nilikuwa nasoma ujumbe kwenye simu," alinong'ona. "Nilimwona, nilikuwa nataka kumchukua, nikatazama simu kidogo tu... Nilidhani amekwisha kufa."

"Alikuwa hajafa," alisema Mariamu.

Umulkheir akamshika bega. "Sikiliza, mama. Huyu si mwanao. Ni qarini wake, jini aliyezaliwa naye. Alikuwa naye pale barabarani, aliona yote. Nikimtoa, sauti hii hutaisikia tena duniani. Nimtoe?"

Mariamu akaenda mlangoni, akaushika uso wa Loice kwa mikono miwili.

"Umekula, mwanangu?"

"Hapa kuna baridi, Mama."

"Basi nenda ukapumzike. Huyu niachie mimi." Akageuka. "Mtoe."

Umulkheir akasoma. Tulisikia kitu kikipita mlangoni, moshi ukanyooka, na Loice akapiga chafya, akauliza kwa nini mashavu yake yamelowa na nani amemshika hivyo.

Tajudin bado alikuwa chini. "Dada, tulisamehe. Watu wote walisikia."

"Loice," alisema Mariamu, "nipigie yule wakili."

Ogwal alilipata gari la madrasa, aliloliendesha Tajudin, kwenye gereji moja, bampa limebadilishwa. Fundi akasema yote. Siku ya hukumu Tajudin alimlilia dada yake mbele ya watu, amsamehe.

"Msamaha ulikuwa mmoja, kaka," alimwambia. "Uliumaliza mwenyewe siku ile."

Hajamwita kaka tena. Tajudin alifungwa miaka kadhaa, na kwa kuwa hana mke wala mtoto, anayempelekea chakula gerezani ni Mariamu huyohuyo. Humwekea wali, humtazama akila, hafungui mdomo. Tajudin amemwomba amtukane walau siku moja. Mariamu hukusanya vyombo vyake, akaondoka.