Ruta Ndani ya Kabati la Viatu

Jumapili jioni nyumba namba 703 ilikuwa na utaratibu wake. Mama Ga-ram alikaa sebuleni na tamthilia yake, sahani ya peasi zilizomenywa iko mapajani. Mumewe, Mzee Tak, dereva wa lori mstaafu, alijifungia chumbani na gemu ya mkononi.

Usimcheke. Mzee huyu hakuwa anapoteza muda. Binti yake, Ga-ram, aliolewa mji wa Ulsan, na yeye baba mtu akaisusa harusi. Wakakaa muda mrefu bila kusemezana. Halafu siku moja likaja boksi dogo kutoka Ulsan. Ndani yake mlikuwa na gemu ya mkononi.

Mashine kubwa ya gemu Ga-ram aliiacha chini ya televisheni tangu usichana wake. Mashine hiyo ndiyo iliyoendesha mchezo. Picha ilirushwa kwa waifai mpaka mikononi mwa mzee kule chumbani. Naye Ga-ram akiwa Ulsan aliingia mchezo uleule. Walilima maboga pamoja, wakayavusha mto kwenye daraja bovu. Na wakiwa wanacheza, waliongea. Njia nyingine ya kuongea hawakuwa nayo.

"Baba, ruka! Ruka sasa!"

Mzee Tak alibonyeza. Picha ikaganda. Ilipozinduka, mtu wake alikuwa mtoni na maboga yanaelea.

"Nimebonyeza mwanangu, hiki kitu tu..."

"Kila wiki hiki kitu, hiki kitu." Ga-ram alilalamika. "Baba, kama unacheza kuniridhisha tu, sema. Jumapili ijayo ikiwa hivi tena, basi tuache."

Mzee Tak aliweka gemu kitandani. Alijua tatizo lilianza lini: sikukuu ya mavuno, Chuseok. Na wiki hiyohiyo kuna mwanamke alihamia ghorofa ya juu, namba 803. Akajumlisha mambo hayo mawili, akapata mwizi wa intaneti.

Alishabadilisha neno la siri la waifai, tena mara mbili. Picha iliendelea kukwama. Hilo lingemtosha kujua kwamba mwizi hayupo. Lakini mtu mwenye hasira hajumlishi vizuri.

Katika jengo lile, mwenye kero hagongi mlango wa jirani. Hubandika karatasi kwenye lifti. Mzee Tak aliandika kwa kalamu nene: "Wewe wa juu uliyehamia juzi, unayekula intaneti ya 703, ona haya." Akabandika usawa wa macho.

Jumanne asubuhi kengele ya mlango ililia. Mama Ga-ram alifungua. Mlangoni alisimama mwanamke wa makamo, kavaa fulana ya michezo, karatasi mkononi.

"Naitwa Maeng. Mimi ndiye mwizi wenu," alisema. "Nimekuja kuona haya."

Mama Ga-ram alisoma ile karatasi. Aliujua mwandiko. Alimgeukia mumewe polepole.

"Baba Ga-ram. Hii umeandika wewe?"

Mzee Tak alitazama ndala zake.

"Jengo zima limesoma?" mkewe aliuliza.

"Limesoma, Mama," alijibu Bi Maeng. "Hata mlinzi kaniuliza kama intaneti yenu ni tamu." Akamgeukia mzee. "Haya, Baba Ga-ram. Neno la siri nani analijua?"

"Mimi na mke wangu."

"Mimi nimelipata wapi? Nimeliota?"

Masikio ya mzee yaliwaka moto.

"Kinakwama nini, hebu niambie. Simu inakwama?"

"Simu haina shida. Ujumbe unaingia. Ni gemu."

"Gemu ya kurusha kutoka mashine ya sebuleni?" Bi Maeng alivua viatu bila kungoja kukaribishwa. "Mbona hukusema? Mimi mwenyewe nalima mpunga kwenye hiyo hiyo. Sikiliza. Ujumbe ukichelewa kidogo, hujui. Gemu ikichelewa kidogo, umetumbukia mtoni. Ilianza lini?"

"Tangu Chuseok."

"Chuseok mlifanya nini humu?"

Mzee alifikiri. Aliyejibu ni mkewe.

"Walikuja wageni. Huyu akasema nyaya pale sebuleni zinatia aibu. Akakificha kile kidude cha waifai, ruta."

"Wapi?"

Mzee na mkewe waligeuka, wakalitazama kabati la viatu palepale mlangoni.

Bi Maeng alilifungua. Nyuma ya buti za mvua kulikuwa na boksi la chuma lililojengewa ukutani, lile ambalo waya wa intaneti huingilia nyumbani. Alifungua kifuniko. Ruta ilikuwa humo, imebanwa kama samaki wa kopo, moto wa kuunguza kiganja.

"Maskini," alisema. "Baba Ga-ram, ukiingia ndani ya pipa la chuma ukaimba, nani atakusikia chumbani?"

"Boksi limewekwa kwa ajili ya mambo ya intaneti," mzee alijitetea, sauti ndogo.

"La waya, sawa. Ruta inarusha mawimbi hewani, na chuma kinayazuia. Itoe."

Mzee Tak aliitoa kwa mikono miwili. Ndani ya boksi mlibaki waya unaopita ukutani mpaka sebuleni. Bi Maeng aliuunganisha na ule unaoingiza intaneti. Wakaichomeka ruta kwenye tundu la ukutani karibu na televisheni, wakaiweka juu ya rafu, mahali pa wazi.

"Sasa hii mashine kubwa nayo inatumia waifai?"

"Ndiyo."

"Ndiyo maana. Picha inatoka kwenye mashine kwenda kwenye ruta hewani, halafu inatoka kwenye ruta kuja kwako hewani tena. Safari mbili kwenye barabara ileile. Ipe mashine waya, wewe peke yako ubaki hewani."

Akachomeka waya mfupi kati ya mashine na ruta. Kisha akaomba ile gemu ya mkononi.

"Unaona majina mawili ya waifai yenu? Hili la kwanza linafika mbali, ila jengo zima limejazana humo, na mikrowevu nayo inalivuruga. Hili lenye tano mwishoni lina kasi, ila kuta linazipita kwa shida. Tumia hili. Mlango wa chumba uache wazi. Ikikwama bado, punguza ubora wa picha kidogo. Na usipakue vitu vikubwa wakati unacheza."

Mzee Tak alikaa chumbani, akajaribu. Aliruka daraja lote, kipande kwa kipande, bila kukwama hata mara moja. Alitaka kufurahi. Lakini mwanamke aliyemwita mwizi alikuwa sebuleni anakula peasi zake.

Alitoka, akainama mpaka kiuno.

"Bi Maeng, nimekukosea. Naomba ile karatasi niichane."

"Hii? Hapana. Hii naibandika kwenye friji."

Mchana ule Mzee Tak alimpelekea keki za mchele, sahani nzima, zingali na mvuke. Kisha akaandika karatasi nyingine: "Mwizi wa intaneti ya 703 alikuwa kabati la 703. Nilimsingizia jirani yangu wa 803. Namwomba radhi. Mimi, Tak." Akaibandika palepale penye ile ya kwanza. Lifti ikisafiri kwenda chini ilisimama ghorofa ya tano, wakaingia kina mama wawili. Walisoma kwa sauti. Walicheka. Yeye alisimama nyuma yao, akitazama viatu, mpaka chini.

Jumapili ikafika. Ga-ram aliingia mchezoni, sauti baridi.

"Ruka, Baba."

Akaruka. Boga la kwanza likavuka. La pili. La tatu.

"He! Baba! Leo umekula nini?"

Angeweza kusema amejifunza kucheza. Akamweleza yote: kabati, karatasi, Bi Maeng, lifti. Ga-ram alicheka mpaka akakohoa. Halafu kicheko kikaisha.

"Kumbe Baba unajua kuomba radhi," alisema taratibu.

"Najifunza," alisema Mzee Tak. "Nimeanzia ghorofa ya nane. Wewe ndiye unayefuata, mwanangu. Ile harusi yako..."

Kwenye skrini mtu wake alikuwa amesimama katikati ya daraja. Safari hii picha haikuganda. Vilivyoganda ni vidole vyake.