Papa, Usinywe Kwanza

— Fabiola, uko wapi? Bazee bamekwisha kufika!

— Niko ku atelie, Bruno. Courant imerudi saa tano hii. Inabakia nguo tatu.

— Leo siku ya kujulisha familia, na wewe unashona?

— Ni nguo za bamaman ba kwaya. Banazivaa kesho ku misa. Niliahidi.

— Na mimi je?

Simu ikakatika. Siku mbili nzima umeme haukuonekana Kadutu, na mashini ya Fabiola ilikaa bure. Message ya Bruno ikaingia:

"Mama anasema mwanamuke mwenye kupenda mashini kuliko bwana, abakie nayo. Kisha ndoa utafunga atelie. Chagua."

Fabiola aliisoma mara mbili. Akafanya alama ya musalaba, akarudi ku mashini.

— Enda, maman! Mimi nitamaliza, akasema Maman Sagesse, jirani mwenye kuuza mandazi ku mulango.

— Unajua kuweka kola?

— Hata kidogo.

— Basi shika pasi.

Saa nane na nusu, nguo zikiisha, akaingia kwao, uzi ungali ku nywele. Wageni kutoka Walungu, familia ya Bruno, walikuwa wamekaa, na katikati kibuyu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi. Kwa desturi, baba ya binti haonji mpaka binti aseme.

Muzee Apollinaire akainua kikombe.

— Mwanangu, pombe hii imeletwa juu yako. Ninywe ao nisinywe?

— Papa, usinywe kwanza.

Bruno akatazama viatu vyake.

Fabiola akatoa simu, akasoma message yote, polepole, kama mutu anasoma somo kanisani.

Mama ya Bruno akasimama.

— "Mama anasema"? Mama gani? Bruno, wewe nilikusomesha na muhogo, miaka makumi mbili ku soko! Mimi ndiye niseme mwanamuke aache kazi?

— Mama, unisamehe. Nilijua maneno yangu peke yake Fabiola hatayasikia.

— Kwa hiyo ukaiba kinywa changu!

Bruno akageukia Fabiola.

— Nimekosa. Lakini kila siku naomba saa moja tu ya kukaa pamoja, na kila siku unaniambia iko komande ya nguo. Nikaogopa nitaoa mulango wenye kufungwa.

Neno hilo lilimuchoma Fabiola, kwa sababu lilikuwa kweli.

— Hapo uko na haki. Nilikuwa napokea kazi ya watu kumi kwa mikono miwili. Samedi, siku kama leo, nitafunga saa sita. Dimanche, siku ya misa, ni ya Mungu na ya nyumba. Lakini mashini inanifuata ku ndoa.

— Nitaibeba mimi mwenyewe.

— Mbele ya bazee unasema?

— Mbele ya bazee.

Fabiola akapiga magoti mbele ya baba yake.

— Papa, unywe.

Muzee akanywa mpaka chini. Mama ya Bruno akasogea, akamutoa ule uzi ku nywele.

— Nguo yangu ya kuvaa ku ndoa yenu utanishonea wewe, mwanangu. Lakini mimi usinicheleweshe.