Ukurasa wa Mteremko

Asubuhi ya uzinduzi, mwandishi alifungua boksi la kwanza la kitabu chake, historia ya mbio za magari mkoani, akakuta jani moja la katikati limekatwa kwa wembe. Akafungua boksi la pili, kisha la tatu. Kila nakala, jani lile lile. Kabla chai haijapoa alikuwa amekwisha kumtia mkewe hatiani, amemtolea sanduku la nguo kibarazani, na amepaza sauti kiasi cha jirani kuzima redio asikose neno.

Mke akampigia simu kaka yake, mpelelezi mstaafu.

Mpelelezi hakupenda mbio za magari. Kwake zilikuwa wanaume wazima wanaowahi mahali ambapo hakuna anayewangoja. Kitabu chenyewe alikidharau zaidi: kilikataliwa na kila mchapishaji mwenye macho, mwandishi akakichapisha kwa ubishi wake, na jaladani picha yake ikawa kubwa kuliko ya gari. Lakini dada ni dada.

"Shemeji, nani ameingia humu tangu maboksi yafike jana?"

"Dada yako. Anakichukia kitabu hiki. Anakiita mke mwenzake."

"Nakiita hivyo mbele yako," dada alijibu kutoka kibarazani. "Sikukiendea na wembe."

"Nani mwingine?"

"Hakuna. Mzee Ramani tu, alikuja kutia sahihi kwenye dibaji yake. Mimi nilikuwa ukumbini napanga viti, mke wangu jikoni."

Jina la Ramani alilitamka kama mtu anayevua kofia. Ndiye aliyekaa kando ya dereva aliyeitwa Bingwa, akimsomea njia, mwaka walipotwaa kombe, wakashuka mteremko ulioyameza magari ya wenzao. Tangu hapo alikuwa akiishi kwa simulizi hiyo: mwenyekiti wa klabu, mgeni rasmi wa kila hafla, na watoto wa shule wakimpigia makofi.

Mpelelezi akachukua nakala. Dibaji ilikuwa na sahihi ya wino wa kijani. Akafungua palipokatwa. Jani la kabla yake lilikuwa limekunjwa pembe ya chini kuelekea juu, kama alama ya msomaji. Nakala nyingine, vile vile.

"Dada, ukisoma unaweka alama gani?"

"Chochote kilicho karibu. Jana nilitumia kijiko."

Mchapaji wa kitabu alimpokea karakanani kwake akiwa amekwisha kukasirika. "Mimi nikate? Kitabu kimeshonwa. Ukikata jani moja, pacha wake wa upande wa pili analegea. Kitikise."

Mpelelezi akatikisa. Jani zima likadondoka sakafuni.

"Umeona? Mimi nisingeharibu kishamba namna hiyo."

"Na ukurasa wenyewe?"

"Uko kwenye kompyuta. Uende wapi?"

Mpelelezi akaguna. Mhalifu wake alikuwa mtu anayevunja kioo ili asionekane uso. "Ikuze hiyo picha ya ukurasa uliokatwa."

Vumbi, gari, mteremko. Nyuma ya kioo, dereva na kofia yake ngumu. Kando yake mikanda miwili ilining'inia juu ya kiti kitupu. Chini mwandishi ameandika: *Mashujaa wawili wakiupasua mteremko.*

"Kitabu kizima," mpelelezi alisema, "na mwenyewe hawezi kuhesabu mpaka mbili."

Bingwa alikuwa gerejini kwake, amekalia tairi. Alipoelezwa habari ya picha hakushtuka.

"Sheria inataka watu wawili garini," mpelelezi alisema. "Akikosekana mmoja, hakuna kombe. Kwa hiyo nawe una sababu ya kukata."

"Ninayo. Tena kubwa."

"Ukikunja ukurasa, unakunja wapi?"

"Kurasa zilikuwa za mwenzangu. Daftari la njia alilikunja pembe za chini, zote, ili gari likiruka gumba lisikose karatasi. Hata leo gazeti analikunja..."

"Malizia."

"Umekwisha kuelewa, bwana. Alishuka kule juu. Alitapika, akasema ana watoto. Akapanda lori la mafundi, nikamchukua chini kabla ya kituo cha ukaguzi. Mimi nilikuwa kijana, nalitaka kombe. Nikafunga mdomo."

Saa nane ukumbi ulikuwa umejaa. Ramani alikaa mbele, koti jeupe, mkono tayari kwa kupungia watu. Mpelelezi alimwinamia, mwandishi na mkewe wakiwa karibu.

"Mzee, wembe ulikuja nao au uliukuta?"

"Kijana, unajua unaongea na nani?"

"Na abiria wa lori."

Mkono wa Ramani ukashuka. Alimtazama Bingwa aliyesimama mlangoni, kisha sakafu.

"Niliukuta. Ule wa kufungulia maboksi. Picha niliiona jana, nikitia sahihi."

"Na dibaji uliiandika bila kusoma kitabu?"

"Nani anasoma vitabu hivi? Watoto wa shule huniomba niwasimulie ule mteremko. Ningewaambia nini?"

"Kwa hiyo ukanyamaza dada yangu afukuzwe."

Mwandishi akamvuta mpelelezi kando. "Shemeji, tulimalize kimya kimya. Ni mzee wetu yule."

"Mimi ulinimaliza kwa kelele," mkewe alisema. "Yeye anastahili kunong'onezwa?"

Mwandishi alipanda jukwaani. Alisema yote: picha, kiti, wembe, na mke aliyesingiziwa. Ramani alitoka kwa mlango wa pembeni, hakuna aliyemsindikiza. Bingwa akapita mbele, akasema kombe analirudisha Jumatatu, na watu, kwa upumbavu wa watu, wakampigia makofi.

Mpelelezi alimkuta dada yake kwenye ngazi za nje, lile sanduku la nguo kando yake.

"Amekusafisha jina mbele ya umati," alisema. "Nikupeleke nyumbani?"

"Kwako."

"Kwangu?"

"Amewaambia watu mia kwamba sikukata kitabu chake. Mimi hajaniambia neno."

Ndani, mwandishi alikuwa ameketi mezani, kalamu mkononi, anawauliza wanunuzi majina yao.

Mpelelezi akachukua sanduku.