Hodi kwenye Kompyuta ya Mwalimu

Kisa hiki husimuliwa na Husseni, fundi cherehani wa Newala, na Husseni si mtu wa kutia chumvi. Kimemkuta jirani yake wa baraza moja, Optatus fundi kompyuta. Ukimuuliza Optatus mwenyewe, atakuangalia kidogo, kisha atakuuliza unataka kuchapisha nini.

Ilikuwa mwaka 2004. Mitumba ya kompyuta ilikuwa imeanza kupanda kutoka Dar hadi huku juu, na aliyejua kuitibu alionekana mganga. Optatus alikuwa na kibanda cha kuchapa barua na kupiga chapa vyeti vya harusi, na benchi la mbao kwa wateja wanaosubiri. Watu walimheshimu. Naye alijua kwamba anaheshimiwa, na hapo ndipo mafundi wengi huharibika.

Siku ya Alhamisi, mwishoni mwa Oktoba, Mwalimu Scholastika alifika na kompyuta yake imefungwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya kukodi. Alikuwa amemfundisha Optatus darasa la tatu. Sasa amestaafu, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho, anatembea kwa kugusa kuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Hii mashine imechoka. Lakini ndani yake mna watu wangu."

Akaketi kwenye benchi akaeleza. Kijiji chao cha zamani, Litandakwe, kilihamishwa na serikali mwaka sabini na nne, enzi za vijiji vya ujamaa. Malori yalikuja asubuhi, watu wakapakiwa, nyumba zikabaki na makaburi yakabaki. Leo pale ni mahame, mikorosho imemeza kila kitu. Kwa miaka minane Mwalimu aliwazungukia wazee mmoja mmoja akiuliza nani alizikwa pale na alilala wapi. Alipata majina sitini na matatu. Wazee wale wote wamekwisha kufa, na daftari lake limeliwa na mchwa. Orodha imebaki ndani ya kompyuta tu. Jumanne, tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, watu wa Litandakwe, Wakristo kwa Waislamu, wangekwenda kufyeka makaburi, na majina yangesomwa kwa sauti kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini.

"Kila mmoja aitwe," alisema. "Asiyeitwa hajui kama tumekuja. Toa majina kwanza, Optatus, halafu ndiyo ufanye mengine."

Akamkabidhi na flash mpya, ile ya kuchomeka, aliyonunuliwa na mpwa wake.

Optatus aliichomeka. Mashine haikuitambua. Windows ile ya zamani ilihitaji kwanza programu ya flash kutoka kwenye sidii, na sidii ilikuwa kwa rafiki yake Masasi. Kushuka Masasi na kurudi ni siku nzima ya basi na vumbi. Akajiambia, ya nini yote hayo? Windows mpya hutambua flash yenyewe. Tena diski ya mashine imegawanywa mara mbili, na wateja wote amewafundisha kuweka kazi zao upande wa pili. Atafuta upande wa kwanza, ataweka Windows mpya, kisha atatoa majina kwa raha zake.

Hakuufungua huo upande wa pili kutazama. Ingemchukua muda wa kupiga chafya. Lakini jioni ile palikuwa na mpira, naye alitaka kuwahi.

Katikati ya kazi kibodi ya USB ilizima, taa zake zote tatu zikafa, na mashine ikawa inamsubiri athibitishe kufuta. Fundi mwenye akili angesimama hapo akafikiri. Optatus alikwenda kuazima kibodi ya zamani isiyo ya USB, yenye plagi ya duara, akarudi mbio, akathibitisha.

Windows mpya iliingia salama. Akachomeka flash. Ti-dung, ikaitika papo hapo. Akatabasamu. Akafungua upande wa pili wa diski ili achukue majina.

Ulikuwa mtupu. Mwalimu alikuwa ameyaweka majina upande ule ule alioufuta.

Asubuhi Mwalimu alikuja kuuliza kama watu wake wapo. Optatus aliiona mikono yake iliyokuwa ikipapasa ukingo wa meza, na ulimi ukamtangulia.

"Wapo, Mwalimu. Wote."

Akampa flash tupu. Bibi wa watu akaifunga kwenye uzi wa rozari yake, akaivaa shingoni, akasema Jumatatu atairudisha ili majina yachapwe kwenye karatasi. Optatus aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Lakini hakumwita arudi.

Ijumaa hiyo hiyo, saa saba mchana. Ilikuwa Ramadhani, Husseni na wenzake wamekwenda msikitini, soko limetulia. Optatus alikaa mbele ya mashine ya Mwalimu akitunga uongo wa pili. Angesema flash imeungua.

Ti-dung.

Aliinama kutazama nyuma ya mashine. Matundu ya USB hayakuwa na kitu. Kwenye kona ya kioo kilitokea kidirisha kikisema kifaa kipya kimepatikana, na chini yake vitufe viwili, cha kukubali na cha kukataa. Akakataa.

Ti-dung. Akakataa tena.

Safari hii benchi lililia nyuma yake, kama linavyolia mteja akikaa. Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Akafungua mashine, akazing'oa nyaya zote za matundu ya USB, akaziweka mezani.

Ti-dung. Benchi likalia. Akakataa. Ti-dung. Akakataa. Macho hayakutoka kwenye kile kitufe. Alikataa mara saba.

Mara ya nane kidole kiligoma, na ndipo aliposoma. Kila kifaa huja na jina lake. Hiki kiliandikwa: *Getrude binti Chilumba. Amelala mashariki ya kisima.*

Hivyo ndivyo Mwalimu alivyoandika. Amelala.

Optatus aligeuka polepole. Ubao wa benchi ulikuwa umepinda katikati.

"Mwalimu amewatuma?" alinong'ona.

Akavuta karatasi, akaandika jina lile, kisha akabonyeza kukubali. Benchi likalia. Pazia la mlango likainuka kidogo, kwa kimo cha mtu anayepita, likashuka. Nje hapakuwa na upepo.

Ti-dung. *Bwanali Namkoma. Amelala penye njia ya Mnima.* Akaandika, akakubali. Pazia likainuka.

Ti-dung. *Mtoto wa Nasibu, hakupewa jina.* Pazia liliinuka chini kabisa, kwa kimo cha goti.

Husseni aliporudi kutoka msikitini alimkuta akiandika, jasho linadondokea karatasi. Husseni anaapa kwamba aliona pazia likiinuka, na kwamba alisogea pembeni kupisha bila kujua anampisha nani.

Jua lilipoinama sauti zilikoma. Optatus alihesabu. Hamsini na sita. Akangoja. Akaizima mashine, akaiwasha, akangoja tena. Jumamosi akangoja, na Jumapili hakwenda kanisani. Hawakuja wale saba aliowakataa. Na hakujua hata mmoja ni nani, kwa sababu hakuyatazama majina yao. Benchi lilibaki limepinda.

Jumatatu Mwalimu alipoileta flash, Optatus alimrudishia pamoja na karatasi iliyochapwa, wala hakumwambia kwamba saba hawamo.

Jumanne walikwenda Litandakwe. Walifyeka asubuhi nzima. Mzee Hamidu akaomba dua, katekista akasali, kina mama wakamwaga unga wa tambiko, kisha Optatus akapewa heshima ya kusoma. Alisoma kwa sauti ya kukwama. Mwalimu alisimama mbele yake, macho meupe yameelekea mikoroshoni, kila jina anasogeza punje moja ya rozari. Optatus alipofika mwisho, vidole vya Mwalimu vikasimama.

"Umeruka saba," alisema.

Angeweza kusema ndiyo yaliyokuwemo. Nani angembishia? Lakini nyasi zilizofyekwa zilikuwa zinalala chini taratibu, sehemu moja moja, kana kwamba watu wanasogea karibu kusikiliza. Optatus akapiga magoti akasema yote. Upande wa pili ambao hakuufungua. Mpira. Uongo wa asubuhi. Kitufe alichokibonyeza mara saba.

Mwalimu hakumtukana, na ingekuwa heri angemtukana.

"Orodha ilianza na wa kwangu," Mwalimu alisema. "Kabla ya wote nilimwandika yeye."

Akageukia mikorosho, akainua sauti, ile sauti ya darasani.

"Ida. Mwanangu wa siku tatu. Amelala penye mlango wa jiko la mama yangu. Tumekuja, Ida."

Kisha akamshika Optatus bega, akainama hadi sikioni.

"Wa kwangu nimemwita. Wale sita wamenitoka kichwani. Nani atawaita?"

Mwalimu alikufa kabla ya mavuno ya korosho kwisha. Hakuna aliyebaki anayewajua.

Mwaka uliofuata Optatus aliitwa Masasi na mwanamke mfanyabiashara, Faidha, aliyefungua duka la kuchapa. Kompyuta ilikuwa mpya kabisa, imetolewa kwenye boksi mbele ya macho yake. Akaweka Windows kutoka mwanzo. Hakuchomeka flash, wala printa, wala kitu chochote cha USB. Kazi ilipokwisha akafungua orodha ya vifaa, kuhakikisha kila kimoja kimetambuliwa.

Katikati ya orodha kulikuwa na alama za kuuliza za njano. Kifaa kisichojulikana. Kifaa kisichojulikana. Alizihesabu kwa kidole juu ya kioo. Sita.

Faidha aliuliza kama mashine ni mbovu. Optatus alisema si mbovu. Tangu siku hiyo hajawahi kuweka Windows kwenye mashine yoyote, iwe ya shule, ya misheni au ya mtu binafsi, asizikute pale. Wateja wamezoea kumwona akiinama karibu na kioo, anabonyeza ya kwanza, anakubali, anangoja. Mashine hutafuta kwa muda. Kisha humwambia kwamba jina halikupatikana, naye huhamia kwenye ya pili.