Maji ya Kwanza ya Hita

Aliyenisimulia jambo hili kwanza ni Tahira, siku tuliyokaa kwake tukimenya vitunguu saumu. Lilimpata dada yake, Nusrat, pale mjini Multan, mwaka waliohamia nyumba ya mtaa wa wafinyanzi.

Nyumba hiyo ilikuwa imefungwa miaka mingi. Bi Sughra, mama mkwe wa Nusrat, alikataa kuikanyaga mpaka umeme, maji na gesi viwe tayari. "Sihamii gizani, mimi si popo," alisema, akabaki kwa mwanawe mkubwa, amekalia masanduku yaliyokwisha fungwa. Waqas, mumewe Nusrat, alikuwa kazini. Basi Nusrat ndiye aliyekwenda kila asubuhi, amembeba mwanawe mchanga, Mujtaba, kuwafungulia mafundi mlango.

Umeme ukawaka. Maji yakaja, mekundu kwa kutu, kisha yakatakata. Mwisho akaja fundi Latif, mzee mwenye ndevu za hina, akaifunga hita ya gesi kwenye ukuta wa uani.

"Mwanangu," alimwambia huku akikusanya spana zake, "maji ya kwanza ya hita ni machafu, utayamwaga yote. Ila yaache kwenye ndoo yapoe kwanza. Na ukimwaga, sema Bismillahi, uwaambie waliomo wajitenge. Karo lililokaa kavu miaka yote hiyo halikosi wenyewe."

"Sawa, baba."

"Usiniitikie sawa kama unamfukuza muuza ndizi. Umesikia?"

Nusrat akacheka. "Nimesikia, baba."

Fundi akaondoka. Adhuhuri ikaingia, joto likakaa uani kama mgeni asiyejua kuaga. Ndoo ikajaa, inafuka mvuke. Mujtaba akaanza kulia, na papo hapo Bi Sughra akapiga simu kuuliza kama gesi imewaka. Nusrat, simu begani, mtoto mkononi, akaiinamisha ndoo kwa mguu. Maji yote ya moto yakaingia kwenye tundu la karo. Hakutamka neno.

Mle tunduni kitu kikapiga yowe moja fupi, kama paka aliyekanyagwa. Kisha ikapanda harufu ya nywele zilizoungua.

"Nini hicho?" Bi Sughra aliuliza kwenye simu.

"Hakuna kitu, mama. Gesi imewaka."

Wakahamia. Bi Sughra akapika wali wa maziwa, maana chungu cha kwanza cha nyumba mpya huwa kitamu. Majirani wakala, wakasifu. Lakini Mujtaba alikuwa amekwisha kataa ziwa. Kila akipewa aligeuza uso, kana kwamba maziwa yananuka. Daktari hakuona ugonjwa. Maziwa ya kopo aliyatapika. Wakawa wanamdondoshea maji ya sukari kwa kijiko, na mbavu zake zikaanza kuhesabika.

Na kila adhuhuri, umeme ulipokatwa na mapangaboi yakasimama, kilio cha mtoto kilisikika uani.

"Nusrat," Bi Sughra alinong'ona siku ya kwanza, "huyo si mtoto wetu?"

"Wetu ninaye hapa, mama."

Wakatazamana. Kilio kilitoka karoni, kikawa kinapanda na kushuka, na harufu ya nywele zilizoungua ikaja nacho, ikaingia kwenye mapazia, kwenye unga, mpaka kwenye shali waliyomfunikia mtoto, na pembeni ya kilio hicho zikasikika nyayo zilizolowa maji, za mtu mzima, zikilizunguka karo, swaa, swaa, zikisimama, zikizunguka tena, kama za mama anayetafuta pa kumshika mwanawe asimuumize, na kila ziliposimama zilisimama zikielekea mlango wa chumba cha Nusrat.

Bi Sughra akamwita fundi Latif. "Umetufungia hita wewe, au umetufungia shetani?"

Mzee alimtazama Nusrat. "Mwanangu, maji uliyapoza?"

Wote wakamgeukia.

"Ndiyo, baba," alisema Nusrat.

Fundi akainamisha kichwa. "Basi kosa ni langu," akasema, akabeba mfuko wake. Bi Sughra akalipeleka neno hilo kila nyumba, na mtaani hakuna tena aliyemwita mzee yule hata kuziba bomba linalovuja. Nusrat akikutana naye njiani alivuta shela usoni.

Mwishowe Waqas akamleta shehe. Shehe akachuchumaa karibu na karo, akanusa, macho yakamjaa machozi.

"Hapa kuna mama aliyeunguziwa mwanawe. Walikuwamo kabla yenu. Aliyemwaga akisema nisamehe, mama huyo atamchukua mwanawe waondoke kwa wema. Asiposema, nitamtoa kwa chuma, na chuma hakimngoji mtu abebe mwanawe."

Nusrat akafumbua mdomo.

"Ni yule fundi, nani mwingine!" Bi Sughra akadakia. "Mtoe, Shehe! Mjukuu wangu anakufa!"

Nusrat akaufumba mdomo wake.

Shehe akapigilia misumari kwenye pembe za nyumba huku akisoma, na ulipoingia ule wa mwisho, upepo wa maji machafu ukaruka kutoka karoni, ukapita juu ya paa, na nje kukasikika mwanamke akiomboleza, sauti inavutwa mbali, mbali zaidi, juu ya mapaa ya wafinyanzi, kama mtu anayeburutwa huku akigeuka nyuma, mpaka ikapotea. Harufu ikakatika. Bi Sughra akasujudu pale pale uani.

Usiku ule walilala wote, isipokuwa Nusrat. Mujtaba alikuwa bado hajanyonya, na sasa hata kulia hakuweza.

Asubuhi yake, kabla wengine hawajaamka, Nusrat alisikia kilio uani. Nyayo hazikuwepo tena. Kilikuwa kilio kimoja kidogo, kimepwelea, cha mtoto asiye na mtu, na Nusrat kabla hajafikiri lolote aliona kanzu yake imelowa kifuani, maziwa yametoka yenyewe kwa kukisikia. Akamlaza Mujtaba kwenye mkeka, akapiga magoti kando ya karo.

"Nisamehe," alinong'ona. "Si fundi. Ni mimi."

Akatoa ziwa la kushoto, akalikamulia tunduni. Kilio kikanyamaza. Chini kule gizani kukasikika kumeza, kidogo kidogo, kisha kwa pupa, na mvuke wa pumzi ya moto ukampanda mpaka kifuani.

Nyuma yake, Mujtaba akalia. Alilia kwa nguvu, kilio cha njaa. Nusrat akamrukia, akampa ziwa la kulia, na mtoto akalishika, akanyonya huku anatoka jasho. Mama yake akalia kwa furaha. Lilipokauka akamhamishia la kushoto.

Mtoto akageuza uso. La kushoto lilikuwa limeshapata mwenyewe.