Soksi Kwenye Friji

Maiti zilikuwa nyingi, na zote zilienea ndani ya chupa ndogo kuliko kidole gumba.

"Zimekufa kweli?" Inspekta aliuliza.

"Zote," daktari alijibu. "Ni seli zinazotengeneza insulini. Tumezifungia kwenye vifuko vya utando mwembamba. Sukari inapita, insulini inapita, askari wa mwili hawapiti. Leo tungezipandikiza chini ya ngozi ya mgonjwa wetu wa kwanza wa kisukari. Tulitarajia aagane na sindano."

Jana jioni chupa ilitoweka kwenye kikasha cha joto, kando ya chumba cha upasuaji. Leo asubuhi muuguzi aliyefuata maziwa ya chai akaikuta kwenye friji ya wafanyakazi, mlangoni, imevikwa soksi ndogo ya kufuma, ya kijani.

"Unamshuku nani?"

"Mwenzangu wa maabara. Tangu nipewe mradi huu, hata salamu yangu anaiitikia kwa shida."

Wenzake walimwita Inspekta huyu Kobe, naye hakuona tusi. Kobe hufika.

"Mwenzako anajua kwamba baridi inaziua?"

"Anajua vizuri sana. Hizi huishi kwenye joto la mwili."

"Basi angetaka kuziua, angezimwaga kwenye sinki akaenda zake. Huyu wetu amezivalisha soksi, daktari. Alitaka zikae salama. Ni mtu aliyezoea kwamba dawa ya kisukari hukaa kwenye friji."

Mgonjwa, fundi cherehani, alikuwa amekaa kitandani, macho yamemvimba kwa kulia.

"Pole, binti yangu. Insulini yako unaitunzaje?"

Alifungua mkoba, akatoa chupa. Ilikuwa imevaa soksi ya kijani.

Inspekta aliiangalia, akatamani awe amekosea.

"Nani kakufumia?"

"Dada yangu. Friji yetu iliwahi kugandisha dawa, ndipo akafuma jozi. Moja yangu, moja yake. Naye ana kisukari. Kila jioni tunachomana sindano, mimi namchoma yeye, yeye ananichoma mimi. Yeye ni dobi hapahapa hospitalini."

Kikulacho ki nguoni mwako, Inspekta aliwaza. Alishuka ngazi polepole kuliko kawaida yake.

Dada mtu alikuwa akikunja mashuka.

"Soksi yako iko wapi?"

Aliendelea kukunja.

"Nimekuuliza, dada."

"Unajua ilipo."

"Uliingiaje kule?"

"Na toroli la mashuka. Nani humtazama dobi?"

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

Alilitupa shuka chini.

"Kwa sababu nina wivu! Umeridhika? Tuliomba wote wawili. Mimi nikakataliwa, eti figo zimechoka. Zake nzima. Na ni nzima kwa nini? Nani alimfundisha kujichoma, akianza na chungwa? Nani alimpima sukari kabla ya kujipima mwenyewe? Nimemtunza mpaka akanizidi! Halafu nyumba nzima vigelegele. Hata mama alisahau kuniuliza kama nimekula."

"Kwa hiyo ukaamua kuziua."

"Hapana! Nilizishika juu ya sinki, mkono ukakataa. Nilitaka wazikose leo tu, nione ile furaha yao ikipungua. Kesho ningezirudisha."

"Hazirudi tena, dada. Baridi imeziua."

Mwanamke alikaa juu ya rundo la mashuka. Jasho lilimtoka, mikono ikaanza kutetemeka. Inspekta alidhani ni woga, akatoa pingu.

"Si woga huo," sauti ilisema mlangoni. Mdogo mtu alikuwa amemfuata Inspekta, na alikuwa amesikia. "Sukari imeshuka. Hajala huyu."

Alitoa pakiti ya sukari mkobani, akaikoroga kwenye kikombe cha maji, akamshika dada yake shingo kama alivyozoea.

"Kunywa. Yote."

Dada alikunywa huku akilia. "Mdogo wangu..."

"Usiniite."

Alisubiri mpaka mikono ile ikatulia. Kisha akaivua chupa yake soksi ya kijani, akaiweka soksi hiyo kwenye mapaja ya dada yake.

"Jozi yako hiyo. Sindano ya jioni utajichoma mwenyewe."